Mashine Inazunguka, Nguo Hazikauki

Julai ya Nairobi haina simile na mtu mwenye nguo za kuanika. Jua huchungulia saa sita, likajificha saa sita na nusu, kisha hushuka kile kimanyunyu ambacho si mvua wala si ukungu, kama mtu anayepepeta unga juu ya mtaa mzima. Shuka uliloanika Jumatatu, Jumatano bado liko kambani, baridi, zito, na limeshaanza ule uvundo ambao kila mpangaji wa nyumba isiyoona jua anaujua.

"Kwetu," Mama husema, "unaanika mwanzo wa kamba, ukifika mwisho, za mwanzo zishakauka."

Kwao ni Mombasa, Mji wa Kale, ambako jua halina haya. Anatia chumvi, lakini si nyingi.

Mama alihamia kwangu South C baada ya kiharusi kumlaza upande wa kulia. Sitaeleza mengi. Aliyewahi kumuuguza mzazi anaijua hesabu ya mashuka: mawili siku njema, manne siku mbaya. Usiku mmoja wa Julai ya kwanza nilijikuta nimesimama jikoni saa nane, nakausha foronya kwa pasi, mvuke unanipanda usoni, na kesho yake kazi inaningoja. Mwisho wa mwezi ule nikanunua mashine ya kukaushia nguo.

Haikuwa mpya. Ilikuwa mtumba, kama lilivyo koti langu la kazini. Muuzaji alisema imetoka Uingereza, na plagi ikamtolea ushahidi: pini tatu za mraba, zile zile tulizorithi kwa mkoloni tukazisahau ukutani. Nyuma ilikuwa na kibati kilichoandikwa volti 230, hezi 50, hita wati 2,000. Sikukisoma siku ile. Nilichotaka kujua ni kama itaenea kwenye kijiroshani cha nyuma ya jikoni, pale penye sinki la kufulia, na ikaenea. Bomba lake la kutolea hewa, lile la plastiki lenye mikunjo kama kinanda cha kuvuta, tukalipitisha dirishani kwa kutoa kioo kimoja. Wiki ya kwanza nilikuwa natia mashuka, navuta stuli, naiangalia kama televisheni.

Ikafanya kazi karibu mwaka mzima. Julai ya pili, ikaniacha.

Haikuzima, na hilo ndilo lililonichanganya. Ilinguruma kama kawaida, pipa likazunguka, mashuka yakawa yanapanda na kuanguka nyuma ya kioo. Dakika themanini baadaye nikafungua mlango nikatia mkono. Baridi. Mashuka yalikuwa yamelowa vile vile nilivyoyatia, ila sasa yamejisokota kama kamba za jahazi.

Nilidhani, kama watu wengi wanavyodhani, kwamba kuzunguka ndiko kunakokausha. Kumbe kuzunguka ni kuzitawanya nguo tu ili hewa ipate njia. Kazi yenyewe ni ya joto. Kuigeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunakula karibu thuluthi mbili za yuniti ya stima, na mashuka manne yakitoka kwenye mashine ya kufulia yanaweza kubeba kilo mbili au tatu za maji hata baada ya kukamuliwa. Mashine ya aina yangu inapata joto hilo kutoka kwa hita. Hita ikifa, ulicho nacho ni feni kubwa yenye mlango.

Nikamwita fundi. Keateka alimjua, na fundi anayejulikana na keateka ana faida moja kubwa: anafika. Alikuja na begi la mgongoni, bisibisi mbili na koleo lenye mpira uliochanika. Akanitajia shilingi 1,500. Nikamshusha hadi 800. Naliandika hili kwa sababu baadaye nilimkasirikia sana yule kijana, na kila nikitaka kumkasirikia vizuri, hiyo 800 inakuja kusimama kati yetu.

Alifungua mgongo wa mashine, akachomoa kitu kama sufuria ya bati iliyobanwa, na ndani yake nikaona koili: waya uliosokotwa kama chemchemi, umezungushwa juu ya vigae vidogo vya kauri, sehemu moja umekatika. Akaunyoosha kidogo ncha mbili, akazisokota pamoja kwa koleo, akarudisha. Akachungulia mahali pengine nisipopaona, akashughulika na nyaya kwa dakika mbili hivi, akafunga. Tukaiwasha. Hewa ya moto ikatoka dirishani.

"Iko sawa, madam," akasema. "Hii sasa itakuzikia mashine yenyewe."

Sikuelewa alichomaanisha, na nadhani hata yeye hakuelewa, lakini nikamlipa kwa M-Pesa na kumwongezea hamsini ya nauli.

Kwenye ngazi nikakutana na mzee wa ghorofa ya pili anapanda na mkate. Mzee huyu alifanya kazi ya umeme miaka ishirini na saba katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya mjini, akastaafu, na tangu hapo anazungumza na vifaa vyetu kama daktari wa zamani asiyeacha kushika watu vipaji vya uso. Nikamweleza kwa furaha kwamba mashine imepona, koili ilikuwa imekatika, imeungwa.

"Ilikatika kwa nini?" akaniuliza.

"Ilizeeka, Mzee."

"Mm," akasema, akaendelea kupanda.

Siku kumi na moja. Nilizihesabu baadaye kwenye kalenda ya dawa za Mama. Siku ya kumi na moja nilikuwa namlisha uji niliposikia harufu, kama nywele zilizoguswa na mshumaa. Kabla sijaweka bakuli chini, kukawa na mlio mdogo wa *tap* kutoka korido, na nyumba nzima ikawa giza. Swichi kuu ilikuwa imeruka. Nikakimbilia nyuma na tochi ya simu. Hakukuwa na moto. Kulikuwa na moshi mwembamba unaotoka kwenye matundu ya mgongo wa mashine, unapanda polepole, bila haraka yoyote, kana kwamba una mahali pengine pa kwenda.

Nikachomoa plagi. Ilikuwa ya moto mkononi.

"Nini?" Mama akaita kutoka gizani. Maneno yake yanatoka kwa shida tangu augue, hivyo anachagua mafupi.

"Stima imepotea, Mama."

"Nanusa."

Pua yake haikuugua hata siku moja.

Usiku ule sikulala vizuri, na nikafanya kosa la kushika simu. Nikasoma kwamba Agosti 2016, mtaa wa Shepherd's Bush huko London, moto uliteketeza nyumba kadhaa ndani ya jengo moja refu, na chanzo kilikuwa mashine ya kukaushia nguo yenye hitilafu. Nikasoma kwamba aina kadhaa za mashine zilizouzwa Uingereza kati ya 2004 na 2015 zilikuwa na kasoro ambapo manyoya ya nguo yaliweza kuifikia hita na kuwaka, na kwamba mwaka 2019 ilianza shughuli ya kuzirudisha kiwandani mashine ambazo hazijarekebishwa, hadi 500,000. Nikaamka saa tisa usiku, nikaenda roshani na tochi kusoma kile kibati cha nyuma, herufi kwa herufi. Yangu haikuwamo kwenye orodha ile. Nikarudi kitandani. Lakini lilibaki swali moja: mtu wa London anapoambiwa mashine yako ni mbovu, tutakuja kuichukua, na yeye ameshaiuza, ikaingia kontena, ikashuka Mombasa, ikapanda lori hadi Nairobi, barua hiyo inamfikia nani?

Asubuhi nikashuka ghorofa ya pili kabla ya chai.

Mzee alikuja na miwani miwili, mmoja usoni na mwingine kwenye kamba shingoni. Akamwamkia Mama kwanza, akamuuliza usiku ulikuwaje, akangoja jibu hadi likatoka lote. Mama akataka asogezwe na kiti chake cha magurudumu hadi mlango wa jikoni, aone.

"Plagi iko wapi?" Mzee akauliza.

"Nimechomoa."

"Najua umechomoa. Iko wapi?"

Nikamwonyesha, imening'inia nyuma. Akaichukua akailaza juu ya mashine, mbele ya macho yake. "Nikifanya kazi na stima," akasema, "mimi plagi nataka kuiona."

Alipofungua skrubu, kila moja aliiweka kwenye kisahani cha chai, kwa mpangilio, za juu juu, za chini chini. Mama akaniangalia akatikisa kichwa. Mtu asiyetupa msumari sakafuni, kwa Mama, ameshafaulu nusu ya mtihani.

Koili ilikuwa imekatika tena, pale pale palipofungwa fundo, na safari hii ncha moja ilikuwa imelegea ikalalia bati. Ndiyo iliyorusha swichi. Mzee akainyanyua kwa kalamu. Karibu na fundo waya ulikuwa mweusi, umekonda, umejaa vipele kama ngozi ya kenge.

Akanieleza, na mengine nikaja kuyathibitisha mwenyewe. Waya huu si chuma cha kawaida, ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli kama sehemu 80 na kromi 20, uliosajiliwa na Mmarekani Albert Marsh mwaka 1906. Ndio huo huo ulio ndani ya pasi, kibaniko cha mkate na mashine ya kukaushia nywele saluni. Ukipata moto mwekundu hauliki na hewa, kwa sababu kromi hujivika ngozi nyembamba inayozuia. Lakini ukiusokota kwa koleo, ngozi ile inapasuka, na mahali pa fundo pana mguso mbaya: stima inapita kwa kubanwa, panapata moto kuliko sehemu nyingine, panakonda, panazidi kupata moto. Juu ya hayo, kila kipande kinachopotea kwenye fundo kinaufupisha waya, na waya mfupi unavuta stima zaidi.

"Kwa hiyo siku kumi na moja ni nyingi," nikasema.

"Ni nyingi," akakubali. Kisha akanyamaza, akabadilisha miwani, akainama. "Njoo uone hiki."

Kando ya hita kulikuwa na kidude cha duara, kadiri ya sarafu ya shilingi kumi, chenye miguu miwili ya bati. Ndicho kinachoilinda nyumba: hewa ikipata moto kupita kiasi, kinakata stima ya hita, pipa linaendelea kuzunguka lakini joto linakoma. Kwenye mashine nyingine kina kitufe cha kubonyeza ili kirudi. Changu kilikuwa cha aina inayokata mara moja na kufa. Nyaya zote mbili zilikuwa zimetolewa miguuni mwake. Zilikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe, kwa kipande cha waya mwekundu, na kuviringishwa utepe mweusi.

Mzee hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa afadhali.

"Huyu kijana alikuta mlinzi amekufa," akasema, "akamzika, akaacha lango wazi."

Nikataka kusema maneno kuhusu yule kijana. Mzee akanikatiza na lile swali lake. "Mlinzi alikufa kwa nini? Koili ilikufa kwa nini? Wamekufa pamoja. Hiyo si ajali." Lakini hakutoa jibu. Akaandika modeli kwenye karatasi ya mkate, akachukua kalamu akapiga hesabu: 230 mara 230, gawanya kwa 2,000. Akapigia mstari jibu: omu 26.45, yaani kiasi ambacho waya unaizuia stima. "Ukienda dukani usiiangalie sura. Iulize omu."

Mtu asiyeufahamu mtaa wa Luthuli atadhani kununua kipuri ni kununua. Ni mahojiano. Tangu barabara ile ifanywe ya njia moja na kupanuliwa upande wa watembeao kwa miguu, unaweza angalau kuhojiwa bila kukanyagwa na mkokoteni. Nilikuwa na hita mbovu ndani ya mfuko, nimeipakata kwenye matatu kama mtoto mgonjwa. Duka la kwanza walikuwa na spika. La pili walikuwa na spika. La tatu, kijana aliichungulia hita yangu akaniambia ana koili ya jiko la umeme, anaweza kunikatia, "ni waya tu, mama, moto ni moto." Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeanza kuelimika, kwa sababu wiki mbili nyuma ningekubali.

Niliteremka upande wa River Road, nikapanda ngazi za jengo moja lenye vibanda vya upana wa mlango, na kwenye kimoja nikamkuta mama mmoja wa makamo, ushungi wa kijivu, anakula mahindi ya kuchoma katikati ya mikanda ya mashine, mapipa, pampu na vitasa vya milango iliyong'olewa. Hakuniuliza nataka nini. Alinyoosha mkono nikampa mfuko.

"Imeungwa hii," akasema bila kuinua macho.

"Ndiyo."

"Pole."

Akaleta mbili. Kwa sura zilikuwa pacha: sufuria ile ile ya bati, matundu yale yale ya skrubu. Moja ilikuwa na bei ndogo zaidi kwa shilingi 700, na mkono wangu ulishaanza kuielekea. Nikakumbuka karatasi ya mkate. Nikamwomba azipime. Akafuta vidole, akatoa mita, akagusa miguu ya ile rahisi: 19 na pointi. Ile nyingine: 26.6.

"Hii ya 19 inapasha zaidi," akasema, akinijaribu, nadhani.

Nikapiga hesabu kwenye simu. Stima yetu hapa ni volti 240. Gawanya kwa 19, unapata ampea 12.6, na bado mota haijadai haki yake. Plagi yangu ina fyuzi ya 13. Hata ile ya 26 ingevuta zaidi ya wati 2,100 badala ya 2,000 za kwenye kibati, kwa sababu volti za Nairobi ni nyingi kidogo kuliko zilizoandikwa. Nikachukua ya 26.6 na kile kidude cha mlinzi, kipya, ndani ya kikaratasi chake. Jumla 4,600. Akanitazama nikihesabu, akanipunguzia mia mbili bila kuombwa.

"Kipuri kile kidogo usikiache," akasema. "Vikifa pamoja, badilisha pamoja."

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Mzee akaja na kukaa kwenye stuli, mikono magotini. Nikamngoja aanze.

"Mimi mikono inatetemeka siku hizi," akasema. "Anza wewe."

Kabla ya kugusa chochote alinifanya nipige picha ya nyaya zote kwa simu, na kuzifunga vikaratasi. Kazi yenyewe ni fupi kuliko maelezo yake. Skrubu nne za hita. Nyaya zake zinachomekwa kwa vichwa vya bati vinavyobana. Kimojawapo kilikuwa kimebadilika rangi, kahawia kama chai ya rangi, na nilipokirudisha kikawa kinacheza. Kichwa kilichoungua hakibani tena, na mguso uliolegea unatengeneza moto wake wenyewe pasipotakiwa. Tukakikata, tukavua waya kidogo hadi tukaona shaba inayong'aa, tukabana kipya. Nikakibana vibaya mara mbili. Mara ya tatu Mzee akakivuta kwa nguvu, hakikutoka, akatoa sauti ya kuridhika puani. Mlinzi mpya akakaa mahali pake, nyaya zikarudi miguuni, na kile kipande cha waya mwekundu nikakitia mfukoni, sijui kwa nini.

Nikashika kifuniko cha mgongo nianze kufunga.

"Unafunga?" Mzee akauliza.

"Si tumemaliza?"

"Tumebadilisha. Ilikufa kwa nini?"

Akaniambia nitoe chujio la manyoya, lile la mlangoni. Nalisafisha kila siku, nikamwambia kwa fahari, na ni kweli. Akaniambia nitie mkono ndani, chini ya linapokaa chujio. Nikatia hadi kiwiko. Vidole vikagusa kitu laini, chenye joto la chumbani, kama mgongo wa paka. Nikavuta. Likatoka blanketi. Sina neno jingine: blanketi la kijivu lenye urefu wa mkono wangu, lililosukwa na mashuka yote ya Mama ya mwaka mzima, na ndani yake nyuzi za buluu za kanga yake moja aliyoizoea. Nikavuta tena, likatoka jingine. Kwenye njia ya hewa karibu na hita manyoya yalikuwa yameungua pembeni, kahawia, yanavunjika kama jani kavu. Ile harufu ya nywele.

Mama akaangalia lile rundo sakafuni. "Godoro," akasema.

Mzee hakucheka. Alikuwa ameinama upande wa ukutani. "Na hili bomba," akasema, "nani alilibana hivi?"

Nikasogeza mashine nikaona. Bomba la hewa lilikuwa limelala kati ya mashine na ukuta, limebonyea kabisa, mikunjo imeshikana, kama mfuko wa dawa ya meno uliokwisha. Hewa ya moto ilikuwa inasukumwa kwenye njia ambayo haipo. Inarudi, inakaa juu ya hita, hita inajipika yenyewe. Na hewa isipotoka kwa kasi, manyoya hayaendi nje. Yanaanguka njiani na kujenga.

Nani alilibana. Nilijua mara moja. Februari tulipoleta kiti cha magurudumu, hakikuweza kupita kati ya mashine na sinki, na Mama anapenda kufika pale dirishani asubuhi kuona watu wakienda kazini. Nikaweka mgongo wangu kwenye mashine nikaisukuma hadi ukutani. Nakumbuka hata sauti, *krrk*, na nikajisemea ni sakafu.

Sikumjibu Mzee. Nilijifanya natafuta tochi.

Ilituchukua alasiri nzima. Nilifyonza manyoya, nikafuta njia ya hewa kwa brashi ya chupa na kitambaa kikavu, hadi kwenye mabawa ya feni. Bomba la plastiki tukalitupa. Keateka akapanda na bomba la bati jembamba linalokunjika, la futi tano, fupi, lisilobonyea kirahisi, tukalipitisha dirishani bila kona isiyo na kazi. Mashine ikakaa shubiri nzima mbali na ukuta. Ili kiti cha Mama kipite, ilibidi meza ya jikoni itoke, na mpaka leo meza ya jikoni iko sebuleni, wageni wanadhani ni mtindo.

Kabla ya kuiwasha nikapima omu kwenye plagi, kama alivyonifundisha. Halafu Mzee akanipa karatasi ya shashi, akaniambia nikaishike nje ya dirisha, mbele ya mdomo wa bomba. Akabonyeza. Shashi ikanyanyuka, ikasimama kabisa, ikapigapiga kama bendera ndogo. Sekunde chache baadaye vidole vyangu vikaanza kupata joto.

Tulitia mashuka matatu. Dakika hamsini. Nilipoyatoa yalikuwa ya moto kiasi cha kuyahamisha kutoka mkono huu hadi huu, na nikamwekea Mama moja mapajani. Akaligeuza kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima, akalinusa, akalikandamiza shavuni, akafumba macho kwa muda mrefu.

"Zuri," akasema. Halafu, baada ya kulitafuta neno: "Halinuki jua."

Mzee akakataa pesa, akakubali chai na mahamri, akala matatu. Akiondoka mlangoni nikamwambia, kwa sababu nisingelala, kwamba bomba nililibana mimi.

"Najua," akasema. "Kijana hakuwa na sababu ya kulisukuma."

Yule kijana nilikutana naye wiki iliyofuata getini, anangoja keateka, begi lake mgongoni. Akaniuliza mashine inaendeleaje. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya siku nyingi. Nikatoa mkoba, nikatafuta chini ya funguo na risiti, nikampa kile kipande cha waya mwekundu. Akakitambua. Akakigeuza kiganjani, akaangalia chini, akasema polepole, "Sikuwa na ile kitu, madam. Ile kitu ingekula mia nane yote." Nikamwelekeza kibanda cha yule mama wa mahindi, jengo gani, ngazi zipi. Akaandika kwenye simu.

Nilipopanda nilimkuta Mama ameshafika dirishani peke yake, amejisukuma kwa mkono mmoja hadi kwenye sinki. Ukuta wa jengo la pili ulikuwa wa manjano. Jua lilikuwa limetoka, jua la kweli, la Agosti ambayo haijafika, na kambani kwa jirani kulikuwa kumeshaanikwa. Mashine ilikuwa imejaa mashuka, mlango umefungwa, imebaki kubonyeza.

"Toa," akasema Mama.

"Mama, nimeshatia."

"Toa. Nje. Haraka, kabla halijabadili nia."